Chemchemi Isiyo na Mwenyewe

"Tangu huyu mama arudi kutoka Morogoro na makaratasi yake, maji yamekauka kijiji hiki mpaka machozi! Juzi nimemzika shemeji yangu, nimelia kavu! Kavu kabisa! Watu wakadhani nimefurahi!"

Aliyekuwa akilalamika ni mzee Anyelwisye. Alikuwa amesimama juu ya benchi la shule, kofia mkononi, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kizima. Wa kucheka wakacheka. Mimi niliyekaa pembeni nilijua kwamba huyo shemeji aliwahi kumnyima mzee ndama, kwa hiyo huenda ule ukavu ulikuwa na sababu nyingine. Lakini maji yalikuwa yanakauka kweli, hilo halikuwa la kuchekesha.

"Shuka, tata," mwenyekiti Andrea akamwambia, maana huku tata ni baba. "Hilo benchi ni la darasa la kwanza, litavunjika."

"Nashuka. Lakini iandikwe! Iandikwe kwamba nimelia kavu!"

Sasa, wa kuandika ndiye huyohuyo aliyelalamikiwa. Alikuwa katibu wa kijiji, Tusekile, Mama Lusungu, kakaa mezani na daftari la mihutasari, kitenge kimefungwa vizuri, miwani puani. Akaandika mpaka mwisho wa mstari, akainua macho.

"Nimeandika, tata. Endelea."

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka 1980, upande wa Nkunga, kijiji ambacho jina lake nalimeza kwa sababu wenyewe bado wapo na tunasalimiana. Mtu asiye wa huku atashangaa. Rungwe na shida ya maji? Huku ambako nguo ukianika Jumatatu unaivaa Alhamisi, nayo bado ina baridi? Ndiyo. Ilitokea. Na ili ujue ilitokeaje, lazima nikwambie Tusekile ni nani, maana siku ile watu walimsema kama vile alitoka Morogoro na kiberiti cha kuunguza maji.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Msasani, pale Tukuyu mjini. Marehemu baba alikuja na cherehani kutoka Kilwa, akaoa huku, akazikwa huku. Nikarithi cherehani, na baadaye nikanunua mashine ya kupiga chapa kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka. Darasa langu ni la nne. Lakini ofisi zilipojaa vijijini na vijiji vikajaa barua, mwenye mashine alikuwa mtu, hata kama alipiga kwa vidole viwili. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Tusekile.

Alizaliwa wakati vita ya Hitla inaanza. Akasoma kwa wamisheni mpaka darasa la nane, jambo ambalo kwa msichana wa wakati ule lilikuwa kama kwenda mwezini na kurudi. Akaolewa. Mumewe akaandikishwa kwenda migodini Afrika Kusini, kama walivyokwenda vijana wengi wa Rungwe, akamwachia mimba na ahadi ya baiskeli. Mume hakurudi. Ilirudi barua, na nyuma yake sanduku la bati lenye suruali mbili na taa ya mgodini. Bendera ilipopandishwa mwaka 1961, Tusekile alikwenda Tukuyu kuitazama na Lusungu mgongoni, na nguo nyeusi mwilini. Aliwahi kuniambia kwamba siku ile alipiga vigelegele kama wengine, halafu akaona aibu, halafu akapiga tena.

Kwa mume hakukuwa na mahali pake tena. Akarudi kwao. Baba yao alikuwa ameshakuwa mzee wa kukaa tu juani, mambo yote yako kwa Meshaki, mdogo wake wa kiume. Na Meshaki, nitamsema kwa haki kwa sababu mbele nitamsema tena, hakusitasita. Alikuwa na shamba la robo eka, maana huku ardhi imegawanywa mpaka imekuwa viraka. Akaimega, akang'oa migomba yake mwenyewe ili dada apate pa kujenga jiko, akasema, "Dada, hapa ni kwenu." Nyumba yenyewe waliijenga pamoja, yeye anafunga mianzi, dada anakandika udongo.

Tusekile akawa anafundisha ngumbaru. Akawafundisha wazee kuandika majina yao, akiwemo Anyelwisye, ambaye mpaka leo huandika jina lake kwa kalamu kama anachimba shimo. Akawa balozi wa nyumba kumi. Halafu, mwaka 1973, wilaya ikataka kila tarafa itoe mtu mmoja wa kwenda mwaka mzima kwenye chuo kimoja Morogoro, akasome namna serikali na vijiji vinavyopanga kutunza ardhi, maji na misitu. Wanaume wakakataa. Mmoja alisema ana ng'ombe anayetaka kuzaa. Mwingine alisema ana mke asiyeaminika, na mke alikuwa palepale anasikiliza. Basi likabaki jina la Tusekile.

"Nenda," Meshaki akamwambia. "Lusungu atakula wanapokula wangu."

Akaenda.

Alichosoma huko alinieleza siku alipoleta kazi yake niipige chapa. Akachora kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Juu taifa, chini yake mkoa, wilaya, kata, kijiji, kila chombo kwenye kisanduku chake, na mishale inashuka.

"Kila kitu cha watu wote," akasema, "bonde, msitu, mto, unakiuliza maswali manne. Nani anaamua juu yake? Nani anatekeleza? Nani anakagua? Na asiyetii anafanywa nini? Ukikosa jibu hata moja, kile kitu kitakufa."

"Na mshale wa kupanda juu uko wapi?" nikamuuliza.

"Upo. Ila siku ile mwalimu alisema chaki imekwisha."

Tukacheka. Alikuwa mtu wa kucheka wakati ule.

Kumaliza masomo kulitaka kila mwanafunzi arudi kwao miezi mitatu, achague kitu kimoja cha ardhi au maji, akichunguze kwa maswali yale manne, aandike, apendekeze. Yeye akachagua chemchemi ya kijijini kwao.

Ilikuwa hivi, hiyo chemchemi. Chini ya mikuyu minne mikubwa, maji yalitoka kwenye mwamba na kujaa kwenye shimo kama karai, mchana na usiku, masika na kiangazi. Kuzunguka pale palikuwa na kichaka cha eka mbili hivi. Watu walikata kuni humo, walichuma mboga na dawa, mbuzi waliingia na kutoka. Hakuna aliyelima. Nenda kokote Rungwe, utakuta mtu kapanda magimbi mpaka mlangoni kwake, lakini eka mbili zile zilikaa hivyohivyo tangu babu na babu, katikati ya watu wenye njaa ya ardhi.

Tusekile aliuliza watu sitini na watatu. Swali la kwanza: chemchemi hii mwenyewe ni nani? Wote sitini na watatu wakajibu kitu kimoja. Haina mwenyewe. Mama yake mkubwa, bibi Ikupa, aliyekuwa mzee kuliko wote, naye akajibu hivyo, tena akacheka, kama mtu aliyeulizwa mawingu ni ya nani. Tusekile akaandika.

Ukurasa wa kumi na tisa niliupiga mimi, kwa vidole hivi: "Kwa kuwa chemchemi haina mwenyewe, hakuna chombo chochote kinachoitunza. Imesalimika kwa bahati." Nilipiga bila kukosea hata herufi moja, nikajisifu.

Pendekezo lake lilikuwa zuri, hata sasa nikilisoma naliona zuri. Kijiji kiipokee chemchemi. Kila kaya ipande mistari miwili ya miti kuizunguka na kuitunza, ili kila mtu awe na sehemu ya jukumu. Kurasa arobaini na moja. Chuoni wakampa alama za juu, wilayani wakafurahi. Ni wakati wa Operesheni Vijiji, kila ofisi inatafuta kitu cha kuonyesha. Kwingine watu walihamishwa kwa malori. Kwetu Operesheni ilikuta watu tayari wamebanana kama ndizi kwenye mkungu, ikahesabu nyumba ikasema: hiki sasa ni kijiji. Kikapewa mwenyekiti, muhuri, na Tusekile akawa katibu.

Januari 1975 wakapanda. Miche ilitoka kwenye kitalu cha serikali, milingoti, ile miti mirefu ambayo wengine huita mikaratusi, kwa sababu inakua upesi na ndiyo iliyokuwepo. Palikuwa na ngoma, palikuwa na mgeni rasmi mwenye viatu vya kutelezea. Mstari wa kwanza, ule wa karibu kabisa na jicho la maji, ulipandwa na Tusekile mwenyewe ili awe mfano. Meshaki ndiye aliyembebea miche.

Bibi Ikupa alikuja na jembe lake, akasimama.

"Tupande?" akauliza. "Pale?"

"Palepale, bibi," mgeni rasmi akajibu.

"Pale kwenye maji?"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maendeleo."

Bibi akamtazama Tusekile. Tusekile alikuwa ameinama, anashindilia udongo. Basi bibi naye akapanda.

Mimi siku ile nilikula ndizi na nyama za mkutano, nikarudi mjini nimeshiba. Sikuona kitu. Mtu wa cherehani ataonaje? Lakini yeye Tusekile alizaliwa pale, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote.

Kwa watu wa huku, ukipanda kitu kinachodumu, mgomba, mwanzi, mti, umeshika udongo ulio chini yake. Hakuna hati, hakuna muhuri. Mgomba ndio muhuri. Ukiuliza "Kwa nini unasema hapa ni kwako?" mtu anakuonyesha migomba ya babu yake, na shauri limekwisha. Kila mtoto anajua hivyo kabla hajajua kufunga vifungo. Ndiyo maana pale kwenye maji hakuna aliyewahi kupanda. Kuni, kata. Mbuzi, leta. Lakini kupanda, hapana, maana kupanda ni kusema pangu. Hakuna aliyelitamka hilo kama sheria, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kulivunja. Na Tusekile alikuwa nalo ndani yake karibu mno, hata asilione. Alikwenda akatafuta chombo chenye kisanduku na mshale, hakukiona, akaandika hakuna.

Basi akawaambia watu wapande. Kwa heshima yake, wakapanda. Na wakishapanda, kila mmoja akawa na kwake.

Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili mmoja akaweka mwanzi kwenye pembe ya mistari yake, ili jirani asije akasahau. Jirani akasahihisha kwa kuweka mwanzi hatua moja mbele. Mwaka wa tatu milingoti imewapita watu kimo, na chini yake watu wametia magimbi, kisha mahindi, kisha migomba. Kichaka kikaisha. Mkuyu wa kwanza ukaangushwa kwa sababu ulimtilia mtu kivuli, na mtu huyo alisema, kwa haki kabisa, kwamba mkuyu ule uko kwake. Baada ya mkuyu wa kwanza, mitatu iliyobaki haikuchukua miezi sita. Milingoti ikanenepa. Ile miti inakunywa, bwana. Wenye kujua mambo ya miti walikuja kutuambia baadaye kwamba mahali pa maji haipandwi, lakini walitokea ofisi ileile iliyoleta miche.

Kufikia mwaka 1979 karai la mwamba halijai tena. Wanawake wanachota kwa kata, wanamimina kwenye ndoo, wanangoja. Asubuhi foleni inaanza kabla ya jogoo. Asiyeweza kungoja anashuka mtoni, saa nzima kwenda, na kurudi ni mlima.

Kwenye foleni hiyo ndiko Tusekile alikojua. Alinieleza mwenyewe, na alinieleza mara moja tu. Alikuwa amekaa na ndoo yake nyuma ya bibi Ikupa. Mbele yao wanawake wawili wanagombana, mmoja anamwambia mwenzake apitishe ndoo kwa nje kwa sababu anakanyaga kwao.

"Kwao!" Tusekile akasema. "Mama mkubwa, umesikia? Tangu lini hapa pakawa kwao?"

"Tangu ulipotuambia tupande," bibi akajibu. Hakugeuka.

Bibi akachota kata moja, akaimimina polepole.

"Mbona hukuniambia?" Tusekile akauliza. "Niliwauliza wote. Nilikuja mpaka nyumbani kwako na karatasi."

"Uliniuliza mwenyewe ni nani. Nikakujibu hana. Ukaandika, ukafurahi, ukaondoka." Hapo bibi ndipo akageuka. "Nikadhani unajua, mwanangu. Wewe si wa hapa?"

Tusekile alipofika kwangu Msasani wiki ile, alitaka karatasi nyingine ipigwe. Kurasa tatu tu. Ilisema: mpango wa mwaka 1974 ulikosea, aliyekosea ni mwandishi wake, milingoti yote ing'olewe, mianzi na migomba itolewe, na eneo lirudi kuwa bila mwenyewe kama zamani. Nikamtania kidogo, nikamwambia kwamba katika maisha yangu ya kupiga chapa sijawahi kupiga barua ya mtu anayejishitaki bila kulazimishwa. Hakucheka. Akaniambia nisiache nafasi kubwa pembeni, karatasi ni ghali.

Akaipeleka ofisini wilayani. Afisa aliyemkuta alikuwa mtu mpole, si mbaya, tatizo lake alikuwa na faili.

"Ndugu Katibu," akamwambia, "mpango wako tumeusifu kwenye taarifa tatu. Umepelekwa vijiji vingine vinne. Sasa unataka niandike nini?"

"Andika kwamba nilikosea."

"Miti ile ni ya hifadhi. Ya hifadhi haikatwi."

"Watu wanasema ni yao."

"Watu wanakosea. Ni ya hifadhi."

"Basi kama ni ya hifadhi, waambie watu watoke."

"Hilo ni la serikali ya kijiji, Ndugu. Ni lenu wenyewe."

Wakazunguka hivyo mpaka chai ya saa nne. Mwisho afisa akampa njia moja: mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwa kauli moja kuachia miti na eneo, muhtasari uletwe na sahihi, hapo atakuwa na kitu cha kuweka kwenye faili, na kibali cha kukata kitatoka. Bila hivyo, mtu atakayekata mlingoti mmoja pale atakuwa amevunja sheria.

Ndiyo mkutano ule wa Oktoba, ambamo Anyelwisye alisimama kwenye benchi. Nami nilikuwepo kwa sababu Tusekile aliniomba nije na ile karatasi, kama watu wakitaka kusomewa.

Hawakutaka. Walitaka maji na walitaka miti, vyote viwili. Anyelwisye aliposhuka, Tusekile akasimama mwenyewe. Alisema kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na walimu wageni.

"Nilikuja kwenu na swali la kitoto," akasema. "Mkanijibu vizuri, mimi nikasikia vibaya. Kosa ni langu, si la wilaya, si la mwenyekiti. Wazee wetu walipaacha pale pasiwe pa mtu, nami nikapagawanya. Naomba turudishe. Kila mtu aachie mistari yake. Kiangazi cha mwakani hakuna hata tone litakalobaki, na mnajua."

Kisha Andrea, mwenyekiti, akakohoa. Yeye alikuwa na mistari miwili na nusu, ile nusu hakuna aliyejua aliipataje.

"Tupige kura," akasema. "Wanaokubali kuachia?"

Mikono ikainuka. Wanawake wengi, wale wa foleni. Bibi Ikupa aliinua mkono wenye fimbo. Anyelwisye naye, baada ya kelele zake zote, aliinua wa kwake, akaonekana kama anaustaajabia.

"Wasiokubali?"

Ikainuka mingine. Ya wanaume wenye wana. Haikuwa mingi kama ile ya kwanza, lakini ilikuwa mingi, na kauli moja haikuwepo. Mmoja wa mikono ile ulikuwa wa Meshaki.

Tusekile aliutazama mkono ule. Akahesabu mikono yote, mstari kwa mstari, na ule akauhesabu. Akaandika. Akamgeuzia Andrea daftari atie sahihi chini ya maneno kwamba mkutano haukufikia kauli moja. Andrea akatia sahihi upesi, kama mtu anayefunga mlango wa jiko usiku wa mvua.

"Mkutano umefungwa?" Tusekile akauliza.

"Umefungwa, Mama Lusungu."

Akafunika kalamu, akavua miwani, akaiweka juu ya daftari. Akachuchumaa, na kutoka chini ya meza akatoa shoka. La kawaida, la kupasulia kuni. Sijui aliliweka saa ngapi.

"Katibu!" Andrea akasimama. "Unakwenda wapi na hilo?"

"Ukatibu wangu uko hapo mezani. Mstari wa kwanza niliupanda mimi kwa mkono wangu. Kama kupanda ndiko kushika, basi ule ni wangu, na changu nakikata."

"Ni kosa! Watakukamata, imeandikwa kwenye mpango!"

"Najua. Mwandikaji nilikuwa mimi."

Hapo ndipo Meshaki alipotoka kwenye watu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisimama njiani, mikono mitupu, shati limepasuka begani. Watu wote walijua kwamba ule mstari wa kwanza yeye ndiye aliyeupalilia miaka yote mitano, dada akiwa kwenye mikutano. Walijua kwamba nyuma ya milingoti ile alikuwa ameshapima msingi wa nyumba kwa kamba, nyumba ya Fred, mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa anataka kuoa na hana pa kumweka mke.

"Dada," akasema. "Nilikumegea changu."

"Ulinimegea."

"Sikukuuliza karatasi."

"Hukuuliza."

"Ulipokwenda kusoma nilimlisha mwanao. Uliporudi ukasema tupande, nikakubebea miche mgongoni. Baba anakufa, nikamwambia asiwe na wasiwasi, wajukuu wamepata pa kukaa, dada ametupatia. Akafa ametulia." Sauti yake ilikuwa inashuka, mpaka waliokaa nyuma wakasogea. "Wana wanne, dada. Robo eka, na humohumo kuna jiko lako. Maji tutayafuata mtoni, wake zetu watatukana lakini watafuata. Udongo nitaufuata wapi? Wewe uliyesoma, niambie. Ukiikata hiyo miti, wanangu nitawaweka wapi?"

Anyelwisye alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na kurasa zangu tatu magotini, na nilizipitia harakaharaka kwa macho, kama mjinga, kuona kama kuna mahali nimepiga jibu la swali hilo. Hakuna.

Tusekile alimtazama mdogo wake. Akahamisha shoka kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, upande wa mbali na Meshaki, akampita karibu sana mpaka kitenge chake kikamgusa mguu, akashika njia ya kushuka kwenye miti.